Simu yasema sawa, babu asema hapana

Maswali ya wasomaji kuhusu vyombo vya nyuzi

Barua za toleo hili ni za nyuzi tupu: zeze, nyatiti, udi na nanga. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu inauliza waziwazi jambo ambalo barua nyingine kadhaa zinalizunguka.

*

Ndugu mhariri, nimeachiwa kutunza zeze la nyuzi nne la babu mzaa mama. Kila asubuhi nalituni kwa programu ya simu mpaka taa ya kijani iwake kwenye kila uzi. Babu akilisikia anasema limepotea, anazungusha vigingi upya. Nikipima baada yake, simu inasema amekosea nyuzi mbili. Nimwamini nani? (Kijana wa Chamwino, Dodoma)

Mwamini babu. Simu nayo haidanganyi, ila inapima kitu kingine.

Programu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya gitaa na piano. Katika vyombo hivyo oktavu moja, yaani umbali kutoka do hadi do inayofuata, imekatwa vipande 12 vinavyolingana, na taa ya kijani huwaka ukifika kwenye kipande kimojawapo. Muziki wa Wagogo haukukatwa hivyo. Sauti zake zinatoka ndani ya uzi wenyewe. Uzi ukitetemeka, hutetemeka mzima, na papo hapo nusunusu, theluthi theluthi, robo kwa robo, na kuendelea. Kila mgawanyo una sauti yake, nyembamba kuliko uliotangulia. Wagogo huchukua sauti kuanzia mgawanyo wa nne hadi wa tisa au wa kumi, na hizo ndizo wanazoimba, wanazoweka kwenye zeze na kwenye ilimba, ile marimba yao ya kupigwa kwa vidole gumba.

Kwa namba ni rahisi zaidi. Tuseme kipimo cha chini kabisa ni hezi 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde. Mgawanyo wa nne utakuwa 120, wa tano 150, wa sita 180, wa saba 210, wa nane 240, wa tisa 270, wa kumi 300. Hatua zote ni 30. Sasa ukianzia hapo hapo kwenye 120 na kufuata vipande vya piano, badala ya 150 utaletewa 151 na kidogo, na badala ya 210 utaletewa karibu 214. Hizo ndizo nyuzi zinazokorofisha. Ule wa saba unapandishwa karibu theluthi moja ya nusu toni (nusu toni ni kipande kimoja cha piano), na mtu aliyekulia Ugogoni anausikia kama jino bovu. Wa sita, wa nane na wa tisa tofauti zake ni ndogo mno, kwa hiyo simu na babu wanakubaliana. Ndiyo maana unasema nyuzi mbili tu.

Fanya hivi. Mwombe babu alituni zeze lote mwenyewe, bila haraka. Kisha tumia programu inayoonyesha hezi, si ile ya taa peke yake, na uandike namba ya kila uzi. Tafuta kipimo kimoja kinachoingia katika zote nne. Ukipata, kwa mfano, 149, 181, 209 na 240, kipimo chako ni 30 na nyuzi za babu ni 5, 6, 7 na 8. Hezi moja juu au chini ni jambo la kawaida, kwani uzi wenyewe hubadilika ukikandamizwa na upinde. Namba hizo zihifadhi. Siku babu akiwa mbali, zifuate hizo na uiache ile taa ya kijani.

Njia ya bila simu ni bora zaidi, kwa sababu inafundisha sikio. Chukua uzi wowote mrefu, tuseme wa sm 60 kutoka kwenye daraja hadi kwenye kigingi. Uguse kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, kwenye sm 15 kutoka kigingini, kisha upige: hiyo ni sauti ya nne. Sogea hadi sm 12 upate ya tano, sm 10 ya sita, sm 8.6 ya saba, sm 7.5 ya nane, sm 6.7 ya tisa. Zitatoka nyembamba, labda oktavu mbili juu ya zeze, lakini mpangilio wake ndio ule ule. Ya saba ni ngumu kuipata. Kidole kikiteleza milimita mbili inazimika. Rudia mpaka uweze kuiimba bila uzi. Ukishaweza, hutahitaji kuuliza tena nani amekosea.

Sikiliza pia waimbaji. Katika uimbaji wa Kigogo sauti ya pili huruka noti moja: wa kwanza akiwa kwenye ya sita, mwenzake yuko kwenye ya nane, akipanda ya saba, mwenzake anapanda ya tisa. Sauti hizo hukaa pamoja bila kugombana kwa sababu zote zimezaliwa na uzi mmoja. Leta kinanda katikati yao uone jinsi kwaya nzima inavyoanza kuvutwa pembeni.

*

Nataka kujitengenezea zeze la Kigogo. La kwanza nililotengeneza lilipoteza sauti masika yalipoingia, la pili ngozi ilipasuka. Nipeni vipimo. (Fundi seremala, Mbagala, Dar es Salaam)

Matatizo yako yote mawili ni ya ngozi, lakini tuanze na kibuyu.

Tafuta kibuyu cha mviringo chenye kipenyo cha sm 18 hadi 22, kilichokaukia juani mpaka mbegu zinacheza ndani. Kigonge kwa kucha: kikavu hulia, kibichi hunyamaza. Kata mdomo wa sm 13 hivi, toa nyama yote ya ndani, sugua kwa msasa. Ukuta ukibaki na milimita 4 hadi 6 unatosha. Ukiukwangua mwembamba zaidi utasikia sauti kubwa kwa mwezi mmoja, kisha utasikia ufa. Toboa tundu la kipenyo cha sm 2 hadi 3 upande wa nyuma ili hewa itoke.

Mkono uwe wa mti mgumu uliokauka, urefu wa sm 75 hadi 85, unene wa fimbo ya kutembelea. Upite ndani ya kibuyu kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, chini kidogo ya ngozi, na utokeze sm 3 upande wa pili. Hapo ndipo utafunga nyuzi. Matundu ya kupitishia yabane. Mkono ukicheza ndani ya kibuyu, zeze halitakaa na tuni hata dakika tano, na watu wengi hulaumu vigingi bure.

Ngozi ni ya mbuzi, sehemu ya tumboni au ubavuni, isiyo na kovu. Iloweke usiku mmoja, nyoa manyoya, kisha ivute juu ya mdomo wa kibuyu ikiwa mbichi. Hapa ndipo ulipokosea mara ya pili. Ngozi mbichi ikikauka hujikaza yenyewe kwa nguvu nyingi, kwa hiyo usiivute mpaka ilie kama ngoma ikiwa bado na maji. Ivute mpaka mikunjo iishe, basi. Ishikilie kwa miiba au vijiti vidogo vilivyochongoka, kila baada ya sm 2, ukianza na pande zinazotazamana: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Ukizunguka upande mmoja tu ngozi itakaa mshazari. Iache kivulini siku mbili au tatu. Jua kali hukausha juu kabla ya ndani, na ndipo inapochanika.

Kuhusu masika: ngozi hunywa unyevu wa hewa na kulegea, daraja linashuka, nyuzi zote zinashuka nalo. Dodoma hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo mafundi wa kule hawana haja ya kulihofia sana. Wewe uko pwani. Vuta ngozi yako kumzidi kidogo fundi wa Dodoma, na kabla ya kupiga lioteshe zeze moto kwa mbali, umbali wa mkono mzima, dakika tano hadi kumi, kama wapiga ngoma wafanyavyo. Ukilipeleka Dodoma kiangazi, legeza nyuzi safarini.

Kwa nyuzi, waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa unafaa sana. Waya wa milimita 1.5 huwa na nyuzi 19 za milimita 0.3 kila mmoja, kwa hiyo waya mmoja unakutosha miaka. Uzi wa namna hiyo wenye urefu wa sm 50, ukivutwa kama kilo mbili na robo, unatoa hezi 200 hivi. Ukitaka kuupandisha oktavu nzima lazima nguvu iwe mara nne, yaani kilo tisa, na hapo uko karibu na kuukata. Ndiyo sababu tunamshauri anayeanza atumie 180, 210, 240 na 270. Uzi wa nailoni wa milimita 0.8 una uzito karibu sawa na huo waya, lakini hurefuka siku nzima za mwanzo, na upinde hauushiki vizuri.

Upinde ni kijiti chepesi kilichokunjwa, chenye singa za mkia au nyuzi za katani. Zifunge zilale bapa, zisijikunje kama kamba. Paka ulimbo. Bila ulimbo upinde utateleza bila kutoa sauti yoyote, na watu wengi hudhani zeze limeharibika. Ukipaka mwingi kupita kiasi, sauti inakuwa ya kukwaruza na unga mweupe unajaa kwenye ngozi. Ufute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza.

*

Bibi yangu wa Pwani anasema zeze ni ubao wenye kibuyu unaopigwa kwa vidole, hauna upinde. Je, amechanganya? (Msomaji, Tanga)

Hajachanganya. Zeze la pwani ni fimbo bapa yenye vidato vichache vilivyochongwa kichwani, uzi mmoja hadi mitatu, na nusu kibuyu kinachobanwa kifuani wakati wa kupiga. Mpigaji hukisogeza kibuyu karibu na mbali na kifua ili sauti ifunguke na kufunga. Zeze la Wagogo lina ngozi na upinde. Vyombo viwili, jina moja. Ukiagiza kwa fundi, mweleze unataka lipi, maana atakutengenezea lile analolijua.

*

Habari za kazi. Mimi ni msichana wa kidato cha nne, Siaya. Nataka kujifunza nyatiti. Shangazi anasema ni mwiko kwa mwanamke, mjomba anasema mwiko huo umekwisha. Pia nikijaribu kupiga na pete ya mguuni, naumia kidole na mapigo yananipotea. (Mpenda thum)

Mwanetu, shangazi yako anasema kweli kuhusu zamani. Nyatiti, kinubi cha Waluo, lilikuwa la wanaume, na jathum, yaani mpigaji wake, alikaa kwenye kigoda kifupi mbele ya watu, mkao ambao haukuhesabiwa kuwa wa heshima kwa mwanamke. Baadhi ya wazee huunganisha hata idadi ya nyuzi na jambo hilo: nyuzi nane, nne juu na nne chini, na nne ni hesabu inayotajwa kwa mwanamume katika siku za kuzaliwa na za kuomboleza.

Mjomba naye anasema kweli kuhusu sasa. Eriko Mukoyama, Mjapani anayejulikana kwa jina la Anyango, alikuja Kenya, akafundishwa nyatiti na Waluo wenyewe, na amelipiga hadharani kwa miaka mingi. Kwa Wagogo kuna mfano wa nyumbani zaidi: desturi iliwapa wanawake ngoma ya muheme, huku zeze na ilimba zikiwa za wanaume, lakini Pendo na Leah Zawose wanapiga na kuimba wenyewe, na mwaka 2024 walitoa albamu, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens. Cha kufanya ni kwenda kwa mwalimu ukiwa na mtu mzima wa familia, na kumwambia mapema unachotaka. Fundi akikubali mbele ya mjomba wako, kijiji hakina la kuongeza. Shangazi mpe muda.

Sasa mguu. Ile pete ya chuma, oduong'o, huvaliwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia na kugongwa kwenye mti wa fremu, na njuga za gara hufungwa mguu huo huo. Unaumia kwa sababu mbili tunazoziona mara kwa mara. Ama pete ni kubwa, inazunguka na kugonga kifundo cha kidole badala ya kugonga mti. Ifungie kitambaa chembamba ndani mpaka ikae. Au unanyanyua mguu mzima. Kisigino hakitakiwi kuondoka chini. Kinachopanda ni mbele ya mguu, sm 2 au 3 tu, na pete inaanguka kwa uzito wake yenyewe.

Mapigo kupotea kunatokana na kuanza na mikono. Geuza mpango. Wiki nzima ya kwanza piga mguu peke yake huku ukizungumza na watu, dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Siku utakapoweza kujibu salamu bila mguu kuyumba, weka mkono mmoja kwenye nyuzi za chini. Wimbo uje wa mwisho kabisa. Jathum anaimba maneno yasiyofuata mguu wake, na kama mguu haujajiendea wenyewe, mdomo utauvuta.

Kuhusu chombo: nyuzi za zamani zilikuwa za mishipa ya wanyama, siku hizi ni uzi wa kuvulia samaki. Usinunue unene mmoja kwa nyuzi zote nane. Za chini ziwe nene, za juu nyembamba, la sivyo za chini zitakuwa zimelegea na za juu zinakaribia kukatika. Hesabu pia mzigo: tuseme kila uzi unavuta kilo nne, ngozi na mti wa juu vinabeba kilo 32 mchana na usiku. Ukimaliza mazoezi ya siku nyingi na hutalipiga karibuni, legeza kidogo pete za kitambaa zinazokaza nyuzi kwenye mti wa juu. Nyatiti linalotundikwa ukutani likiwa limekazwa hupinda mti wa juu ndani ya mwaka mmoja au miwili.

*

Assalaam alaykum. Nimenunua udi wa Cairo, niko Muscat. Vigingi vinateleza usiku, na karibu na tundu la sauti kumeingia ufa mwembamba. Fundi wa hapa ameniuzia nyuzi mpya, sasa sauti imekuwa ya kuchoka. Natuni kwa simu. (Mzee wa Kizanzibari)

Wa alaykum salaam, mzee wetu. Una matatizo matatu, na adui mkubwa ni kiyoyozi.

Kiyoyozi hukausha hewa ya chumba. Ubao wa uso wa udi ni mwembamba, milimita mbili au chini yake, unajikunja na kupasuka kufuata nyuzinyuzi za mti. Vigingi navyo vinasinyaa na kulegea ndani ya matundu yao. Nunua kipima unyevu kidogo ukiweke ndani ya kasha la udi. Lengo ni asilimia 45 hadi 55. Ikishuka chini ya 40, weka ndani ya kasha kisanduku cha sabuni kilichotobolewa chenye sponji lililokamuliwa vizuri, lisidondoshe maji. Ufa upelekwe kwa fundi mapema, ukiwa bado mwembamba kama unywele. Gundi na kipande cha mti kwa ndani vinatosha. Na usiuache udi ndani ya gari. Gundi ya wanyama inayotumika kwenye udi hulainika kwa joto, na kiangazi cha Muscat kinatosha kuling'oa daraja.

Kigingi kinachoteleza kipake chaki kavu pale kinapogusa tundu. Kikikwama, kipake sabuni kavu. Ukiweka uzi mpya, uuzungushe uelekee upande wa kichwa cha kigingi, ili uzi wenyewe ukivute kigingi ndani. Ukiuzungusha kuelekea ncha, uzi unakisukuma nje kila usiku. Kosa hili ni dogo lakini tumeliona hata kwa wapigaji wa siku nyingi.

Kuhusu sauti kuchoka, angalia pakiti ya nyuzi. Tunashuku ni za udi wa Kituruki. Udi wa Kituruki una urefu wa uzi wa sm 58.5 na hutuniwa juu kwa toni moja hivi. Wa Kiarabu una sm 61 hadi 62. Nyuzi za Kituruki zikishushwa kwenye tuni ya Kiarabu zinalegea, hazina mwili. Omba za Kiarabu, 11 kwa seti: jozi tano na uzi mmoja wa besi. Tuni iliyozoeleka, kutoka chini kwenda juu, ni do, fa, la, re, sol, do. Kama wimbo unakaa sana kwenye re, wengine hupandisha besi iwe re na fa iwe sol.

Simu itumie kwa nyuzi zikiwa wazi tu. Ukiingia kwenye maqamu (mipangilio ya sauti ya Kiarabu) ya Rasti au Bayati, kuna sauti zinazokaa kati ya funguo mbili za piano. Simu itakuonyesha mshale ukiwa katikati ya noti mbili na utadhani umekosea. Udi hauna vidato kwenye shingo kwa sababu hiyo hiyo. Sultani Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza muziki, na baadaye vikundi kama Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, vilipoanza kujijenga, sauti hizo ndizo zilizokuja na vyombo. Katika taarabu nyingi za leo zimepungua, kwa sababu kinanda na akodiani havina mahali pa kuziweka. Ukisikiliza santuri za zamani, zikiwemo za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, zipime kwa sikio, simu iweke mfukoni.

*

Kwa nini nanga ya Wahaya haina vigingi? (Mwalimu, Muleba)

Kwa sababu kwa desturi uzi wake ni mmoja. Unapitishwa kwenda na kurudi juu ya ubao uliochongwa kama hori, ukishikwa na meno ya mti pande zote mbili, mpaka zipatikane njia saba au nane. Msuguano kwenye meno ndio kigingi chake. Mpigaji husukuma uzi kidogo kutoka njia moja kwenda nyingine, kwa hiyo ukipandisha moja umeshusha jirani yake. Tuni kuanzia katikati kwenda nje, na rudia mizunguko miwili au mitatu. Ukianza pembeni hutamaliza. Uzi ukikatika mahali pamoja, nanga yote imenyamaza, ndiyo maana waimbaji wa tenzi za mashujaa hubeba uzi wa akiba.

*

Napiga zeze na marimba, nina miaka 22. Wapigaji wa zamani waliishije kwa kazi hii, na mimi nianzie wapi? Studio moja imenirekodi nyimbo nne, sikuandikishwa chochote. (Morogoro)

Hakukuwa na njia moja. Kwa Waluo, jathum alialikwa kwenye matanga na sherehe, na fedha ilitoka kwenye pakruok: mgeni anasimamisha wimbo, analipa, anajisifu au kumsifu rafiki yake kwa maneno ya kuchekesha, kisha muziki unaendelea. Mpigaji asiyejua kusimama mahali pazuri na kurudi kwenye pigo lile lile hakupata kitu, hata kama vidole vyake ni vya dhahabu. Ujuzi huo haujapotea kazi. Anayepiga harusini leo anahitaji ule ule.

Hukwe Zawose, mwimbaji na mpigaji mashuhuri wa ilimba wa Kigogo, alipita njia ya serikali. Alizaliwa mwaka 1938 kijijini Doga, Dodoma, akakulia katika muziki wa nyumbani. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na baadaye akawa Bagamoyo, mahali ambapo Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa. Albamu yake Tanzania Yetu ilitoka Uingereza mwaka 1985, Chibite mwaka 1996, na Assembly, aliyoifanya na mtayarishaji Michael Brook, mwaka 2002, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba hakubadili sauti zake zikae kwenye piano. Wenzake wa studio ndio waliozifuata. Tunakushauri ufanye hivyo hivyo: ukiingia studio, wape tuni yako kwanza, kinanda kitafuata au kitakaa kimya.

Kwa masomo, TaSUBa iko karibu nawe, na kwa udi, ganuni na fidla kuna Dhow Countries Music Academy, Unguja. Lakini chuo hakiwezi kuchukua nafasi ya mzee mmoja anayekusahihisha kila juma.

Kuhusu nyimbo zako nne, usisubiri. Andika karatasi moja leo: jina la kila wimbo, tarehe ya kurekodi, nani aliimba, nani alipiga nini, maneno ni ya nani. Kama wimbo ni wa jadi, usijiandike mtunzi. Jiandike kuwa umeupanga, na utaje unakotoka. Wimbo wa jadi si mali yako, ila upigaji wako wa wimbo huo ni wako, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mpigaji pia. Rudi studio na karatasi hiyo pamoja na mtu wa tatu wa kushuhudia, mkubaliane kwa asilimia nani anapata nini, wote mtie saini nakala mbili. Kisha peleka nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ziandikishwe. Wasomaji wa Zanzibar waende COSOZA, wa Kenya waende KECOBO.

Studio ikikataa kutia saini, omba nakala ya rekodi zako, ukarekodi upya kwingine. Ukirudia, maikrofoni ikae sm 25 hivi mbele ya ngozi, ikitazama katikati ya daraja na ukingo. Ikitazama tundu la nyuma utapata mvumo mzito bila maneno ya uzi, na ikisogea karibu na upinde itaokota ulimbo unavyokwaruza kuliko wimbo wenyewe.